Udongo Mweusi wa Bondeni

Mdogo wangu alipokuja Newala na bomba lake la chuma, mama alivaa kitenge kipya. Mimi ninayempikia na kumkanda miguu kila siku, ananiona nikiingia na kutoka kama paka wa nyumbani. Nilinuna tangu asubuhi, wala sikuficha.

Tuliteremka bondeni, kwenye kinamasi ninakolima mpunga. Mama alipakiwa kwenye bodaboda. Mdogo wangu na wenzake wa chuoni walilididimiza bomba kwenye matope, wakalivuta, wakalifungua juu ya turubai. Ndani mlikuwa na mche mrefu wa udongo mweusi, kama mche wa sabuni: majani yaliyooza miaka nenda miaka rudi, tabaka juu ya tabaka.

"Humu mna chavua, mama," alisema. "Lile vumbi la maua. Kwenye matope haya haliozi. Tulishapima udongo wa hapa. Chini kabisa ni yungiyungi, maana palikuwa na ziwa. Halafu matete. Halafu mkaa, watu wamefyeka na kuchoma. Huku juu ndiyo mikorosho."

"Mwanangu ana akili huyu!" mama akasema.

Niliona wivu. Nimeinama katika bonde lile tangu usichana wangu. Mimi ndiye niliyekatishwa shule ili yeye asome, na hakuna aliyewahi kuniuliza chochote kuhusu bonde.

"Na mpunga wangu hauonekani humo?" nikauliza.

"Mpunga ni jamii ya nyasi, dada. Chavua zake hatuwezi kuzitenganisha."

Nyasi! Jasho langu lote, nyasi. Nikageuka niende zangu.

Ndipo niliposikia ukelele wa mdogo wangu. Mama alikuwa amemega ncha ya juu ya ule mche, akaitia mdomoni, anatafuna taratibu kama wajawazito wa kwetu wanavyokula udongo.

"Mama, umekula sampuli!"

"Niache. Ndio wenyewe." Akameza, akanyoosha kidole chenye matope kwangu. "Nilipokuwa na mimba ya huyu, sikutaka udongo mwingine. Nilishuka mlima wote huu kuufuata. Mimba yako wewe nilikula wa sokoni."

Mdogo wangu akabaki anatazama pengo kwenye bomba. Nilifurahi mpaka masikio yakawaka. Nikampangusa mama midomo kwa pindo la kanga yangu, polepole, ili mwenzangu aone vizuri.