Jina la Mtandao wa Nyumba ya Kuze

Siku yangu ya kwanza kazini Meneja hakunionyesha hata kiti. Alinitoa ofisini kwake bandari ya Kilindini, alikokuwa wakala wa forodha, hadi nyumbani kwake mtaa wa Kuze. "Fundi, nataka kompyuta hizi tatu ziongee. Ukishindwa, urudi kwenu Kaloleni." Roho juu juu tangu asubuhi! Nilikuwa wa majaribio, na kibarua kile nilikihitaji mno.

Ninyi vijana mmezoea vitu kujiunga vyenyewe. Miaka ya tisini tulilaza nyaya kwa mikono, na mtandao wa nyumbani ulitaka jina la kikoa, yaani jina la ukoo ambalo kompyuta zote hujitambulisha nalo. Sharti lisiwe la mtu mwingine huko nje kwenye intaneti. Nilihangaika. Jina la mtaa niliona ni la wote, la kampuni lilikuwa na mwenyewe. Mara jirani akaita dirishani, "Zuhura! Weye Zuhura!" Aliyeitika ni Bi Mkubwa, mama yake Meneja. Nikaandika: zuhura.nyumbani. Kwetu jina la mama ni heshima, basi nikajiona hodari.

Sikujua kwamba kila baruapepe itokayo nyumba ile ingelibeba jina hilo kwenye maelezo yake ya juu. Wiki haikuisha, karani mmoja bandarini akamuuliza Meneja mbele za watu, "Zuhura ndiye nani, bosi?"

Lo! Alinijia amewiva. "Jina la mamangu umelitembeza Kilindini? Lifute leo hii, ama usinionyeshe uso!"

Nilikwenda Kuze mbio, nikamwomba radhi Bi Mkubwa. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Tangu niolewe ni mke wa fulani, mama wa fulani. Wa kuniita Zuhura kabaki jirani yangu peke yake. Liwate, mwanangu, usilifute, litembee."

Nilikaa mbele ya kibodi. Nilimwogopa Meneja. Nikalifuta, nikaweka jina la mtaa, naye Bi Mkubwa amesimama nyuma yangu akitazama.

"Haya," akasema, akarudi jikoni.

Sikufukuzwa. Nilitumikia pale hadi nikastaafu, na kila nilipounga mtandao mpya jambo lile lilinikera. Mazikoni kwa Bi Mkubwa watu walimwita mama yake Meneja, basi.

Juzi binti yangu alitaka jina la mtandao wa hapa kwetu. Nikamtajia papo hapo.

"Zuhura ndiye nani, baba?"

Nikavuta kiti, nikamweleza.