Nani Amezima Amplifaya ya Baba

Hasira zangu ziko karibu, kwetu kila mtu analijua hilo. Siku nilipompiga kaka yangu nilikuwa ndiyo kwanza natoka kanisani, na sababu yenyewe ilikuwa swichi.

Baba yetu haoni. Nyumbani kwake, juu ya Kwa Sadala, ana amplifaya ya zamani ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani kama makaa. Ndiyo anayosikilizia kaseti ya marehemu mama akiongoza kwaya. Tulimletea redio mpya ya kaseti, akasikiliza kidogo akasema, "Huyo si mke wangu, mtoeni." Basi amplifaya ikawa haizimwi kabisa. Baba aliamini valvu hufa zinapowashwa zikiwa baridi, na kweli mbili zilikufa umeme ulipokatika ukarudi. Kila asubuhi anaweka kiganja juu ya boksi. Akikuta joto, ametulia. Akikuta baridi, nyumba nzima itamsikia: "Nani amezima?"

Aliyekuwa anazima ni kaka. Ana kibanda cha kutengeneza redio huko mjini, Pasua, na kila akipanda kwetu ni ugomvi uleule. "Mdogo wangu, valvu inaungua kama utambi. Mnaimaliza bure, na siku moja mtachoma nyumba." Lakini mimi ndiye ninayeishi na baba, ninayemwogesha, ninayemsikiliza akilia. Mtu wa kuja Krismasi kwa Krismasi anifundishe nini?

Jumapili hiyo nilimkuta ameinama nyuma ya boksi, valvu zimezimika, baba amejishika kichwa. Sikuuliza. Nilimkamata shati, nikambamiza ukutani, nikampiga ngumi za kifua, moja, mbili, tatu. Ya tatu, kitu kilivunjika. Nilidhani ni ubavu, na nasema kweli, nilifurahi. Akanipiga kichwa cha pua. Tuliangukia meza, maziwa yakamwagika, nikamkaba koo kwa mikono miwili. Baba alikuwa anapapasa hewani na fimbo yake, anatuita kwa majina yetu ya utotoni, na bado sikumwachia. Nilimwachia nilipoona damu inasambaa kwenye mfuko wa shati.

Mfukoni alikuwa na valvu. Moja ya zile za ndani ilikuwa imeanza kufifia, naye alikuwa ameitafutia mwenzake kwa miezi, akaipata kwenye redio mbovu ya mtu wa Bomang'ombe, akaifunga kwa pamba. Alizima ili aibadilishe.

"Ungeuliza tu," alisema, akichomoa vioo kifuani kimoja kimoja.

Kwetu ukimkosea ndugu unampelekea jani la isale kuomba msamaha, na akiletewa haruhusiwi kulikataa. Nilishuka nalo mpaka Pasua, nikampa mbele ya wateja wake. Alilipokea, akaliweka juu ya meza ya kazi, akaendelea kulehemu. Hakunikaribisha kiti, na sikustahili.

Valvu iliyokuwa inafifia ilikufa wiki ileile. Nyingine hatujaipata hadi leo.

Nimemweleza baba mara nyingi, lakini uzee umeingia na hashiki tena. Asubuhi anaweka kiganja juu ya boksi na kukiacha hapo muda mrefu.

"Nani amezima?"

"Ni mimi, baba."

"Basi washa," ananiambia.