Kifua Kimoja, Watoto Wawili

Ni mwaka ule tulipokula makande bila maharage, maana mvua iliyaozesha yote shambani. Vita vya Sudani vilikuwa vimeshaanza. Nakumbuka kwa sababu binti yangu, daktari wa watoto hapa Arusha, alikuwa akirudi kutoka kazini hagusi sahani, macho kwenye simu.

Aliandikiana na daktari mwenzake wa huko Sudani, mwanamke waliyesoma naye Norwei. Mwalimu wao, mama profesa, aliwajibu wote wawili kutoka hukohuko Norwei. Mtandao wa Sudani ulipatikana kwa nadra, basi barua ikija ni ndefu na mbaya. Binti alinisomea zote. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini siku moja wasomi hao watatu walikwama, wakaniuliza mimi.

Umeme umekatika hospitalini kule, mashine za kuwapa joto watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao, zimezima. Nikamwambia binti aandike: mvue mtoto, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi, mfunge kwa khanga, usimtoe hata ukila. Ndivyo nilivyokulea wewe, binti yangu, kule Momela, uliyezaliwa kwa mimba ya miezi saba, baridi ya Meru inauma kama mbwa. Jibu likaja: watoto wanne wamepona. Profesa akasema hayo yamo hata vitabuni. Nikamjibu kwamba kitabu kimenikuta kazini.

Barua iliyofuata ilikuja baada ya mwezi. Mama mmoja amekufa, ameacha mapacha njiti. Wauguzi wamekimbia, kifua kilichobaki ni cha daktari mwenyewe, naye amekonda kwa njaa. Amewalaza wote wawili, joto lake haliwatoshi, wote wanazidi kuwa baridi. Akaniuliza: “Mama, binti yako aliniambia alizaliwa pacha na mwenzake hakuishi. Wewe uliamuaje yupi wa kumtoa kifuani?”

Binti alisoma mpaka hapo, akailaza simu kifudifudi mezani. Hakunitazama.

“Hilo sitalisema mpaka niingie kaburini,” nikasema. “Mwandikie awafunge wote wawili.”

Akaandika. Jibu halikuja. Profesa aliuliza kila alipojua pa kuuliza, akaacha. Hatujui kuhusu daktari, hatujui kuhusu wale watoto.

Mwaka huu maharage yamekubali. Jumapili tulikuwa tunayachambua uani, mimi na binti yangu, ungo katikati yetu. Akasema bila kuinua uso:

“Mama, mwenzangu ulimtoa, au alitangulia mwenyewe?”

Nikatupa jiwe nililokuwa nimelishika.

“Hilo sitalisema mpaka niingie kaburini.”