Hewa Inatokea Shavuni

Daktari aliisoma karatasi ya kipimo changu, akaniangalia, akairudia karatasi. "Mama, hii mashine unaivaa kweli?"

Ilikuwa mara ya tatu kuniuliza hivyo. Nina ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Kila usiku nililala na barakoa inayofunika pua na mdomo, bomba likileta hewa kutoka kwenye mashine iliyo juu ya stuli. Na kila niliporudisha kile kipimo cha kubana kidoleni nilichopewa nilale nacho, oksijeni ya usiku ilikuwa imeshuka hadi asilimia themanini na moja. Yeye aliitaka isipungue tisini. Nikamjibu kama haamini aje kwetu Buzebazeba amuulize mume wangu, maana ndiye anayepulizwa usoni.

Kweli alikuwa anapulizwa. Hewa ilitokea pembeni mwa mdomo, shavu la kushoto, inabubujika kama mtoto anayechezea mate. Naamka koo limekauka na kichwa kizito. Na kila mtu alikuwa na dawa ileile: kaza mikanda. Daktari alisema kaza. Mume wangu akakaza. Wifi yangu alikuja kutoka Simbo na mihogo yake, naye akakaza, wala hakuuliza mashine ni ya nini. Nikatoka kidonda juu ya pua, hewa ikaendelea kuvuja. Nilipokwenda sokoni na plasta usoni, wenye maneno wakasema mume wangu ameanza kunipiga.

Siku hiyo nilimwambia daktari nimechoka, mashine yao waichukue. Akamwita muuguzi mpya, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho.

"Mwakeye, mama," alinisalimia. "Barakoa ulipimiwa umekaa au umelala?"

"Nimekaa. Kwenye kiti hikihiki."

"Na usiku unavua chochote? Miwani? Meno?"

Meno yangu ya juu yote ni ya bandia. Nimefundisha shule ya msingi Bangwe miaka mingi nayo kinywani, na aliyewahi kuniona bila meno hayo ni mume wangu tu. Pale hospitali hakuna aliyeuliza, nami sikusema.

"Navua meno," nilisema, kwa sauti ndogo hadi akainama kunisikia.

Alimwomba daktari atupishe, akavuta pazia, akanipa kibakuli. Nikayatoa, nikaziba mdomo kwa kiganja.

"Toa mkono, mama, nione shavu."

Akanilaza, akanivalisha barakoa, akawasha mashine. Hewa ikatokea palepale shavuni, naye akaweka kidole hapo. "Bila meno mashavu yanabonyea," alisema. "Barakoa haina pa kushika. Hata ungeikaza vipi ingevuja, ungeongeza vidonda tu."

Nililala pale nikiwa na hasira na daktari, na wifi, na zaidi na mimi mwenyewe. Miezi yote ile ya kichwa kuuma, kisa naona aibu kutaja meno.

Binti yule alinibadilishia, akanipa barakoa ndogo ya pua peke yake na mkanda laini wa kushika kidevu, mdomo usiachame. Mikanda ya kichwani akailegeza. Kipimo kilichofuata, oksijeni haikushuka chini ya tisini na moja.

"Umeona?" daktari akasema. "Sasa unaivaa."

Nilichukua mkoba wangu nikaenda zangu.

Nyumbani nako kukazuka jipya. Mume wangu aliuona ule mkanda wa kidevu akakaa kitandani, akasema, "Siwezi kukutazama hivyo. Hivyo ndivyo tunavyofunga maiti."

"Basi geukia ukutani."

Akageuka, na ndivyo anavyolala mpaka leo. Ila kila nikipitiwa na usingizi mzuri, mkono wake unakuja nyuma kunipapasa kifuani kuona kama bado napumua, unaniamsha. Nimemkanya. Hasikii.