Mkulima wa Kiriri

Wakati wa vita serikali yetu ilikumbuka kwamba kuna watu wanaolima. Redio ikatangaza ruzuku: kila mwenye shamba angepewa mbegu za maharagwe na pesa za vibarua, bure kabisa, mradi bwana shamba alione shamba lake kwa macho yake mwenyewe. Mama alifurahi mpaka akaimba. Mbegu zetu tulikuwa tumezila tulipokimbia, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza. Tusipopanda upesi, tungelala njaa mpaka msimu mwingine.

Shamba letu lilikuwa mlimani, juu ya mtaa wetu wa Kanyosha. Bwana shamba, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, alilitazama akiwa barabarani, akatikisa kichwa.

"Apana, mama. Kule kuko vita. Mi siwezi kufika."

"Lakini sisi tunafika kila siku, shefu."

"Nyinyi mumezoea."

Ni kweli, tulikuwa wazoefu. Risasi, inaonekana, zilimjua mwenye jembe na kumpisha.

Basi akaenda kutafuta wakulima mahali penye usalama, akawapata Kiriri, mtaa wa matajiri, ambako gari lilimfikisha mpaka mlangoni. Mkubwa mmoja wa wizarani alikuwa ameng'oa maua ya mke wake, akawa mkulima. Alikuwa na kila kitu isipokuwa mtu anayejua kushika jembe. Akatuma dereva Kanyosha kutafuta vibarua, na ndivyo mama na mimi tulivyokwenda kupanda ruzuku yetu katika bustani ya mtu mwingine. Nililima kwa hasira, jembe likawa jepesi.

Kwetu mmoja hutangulia akichimba mashimo, mwingine hufuata na mbegu kiunoni, ndani ya kitambaa alichojifunga. Mkono unaingia, vidole vinafunguka juu ya shimo, mguu unafukia. Mbegu zile zilipakwa dawa nyekundu ili watu wasizile. Mkubwa na bwana shamba walikaa barazani wakinywa bia na kutazama kilimo.

Tulipomaliza mstari wa kwanza niligeuka kunyoosha mgongo. Mkono wa mama ulitoka kiunoni, vidole vikafunguka, na hakikudondoka kitu. Mguu ukafukia vizuri sana. Akaniangalia usoni.

"We chimba tu," akasema kwa sauti ya chini.

Nikachimba. Sikugeuka tena, maana enzi zile watu walipotea kwa makosa madogo kuliko hilo. Jioni mkubwa alishuka bustanini, akaona mikono ya mama, myekundu mpaka kwenye viganja.

"Ona," akamwambia bwana shamba, "uyu mama anajua kazi."

Mama aliinama kwa heshima, akaondoka Kiriri na tumbo ambalo hakuja nalo.

Kesho yake tulipanda shamba letu, na maharagwe yalichipua yote. Nililia nilipoyaona. Kiriri uliota mstari mmoja tu, ule wa karibu na baraza. Mvua ilikuwa ikinyesha kila siku, lakini bwana shamba aliandika kwamba mkulima yule ameathiriwa na ukame, na serikali ikamlipa hasara yake.

Msimu uliofuata gari lilikuja tena Kanyosha. Dereva alikuwa ameagizwa yule mama mwenye mikono mizuri, si mwingine. Alimkuta ameshajifunga kitambaa, kipana kidogo kuliko cha kwanza.