Ndoo ya Mafuta Meupe

Mwaka ule wa uporaji, kiwanda cha mikate karibu na mtaa wa Kamalondo kilivunjwa hadi milango ikabebwa. Chisanga, ambaye mgodi ulikuwa umeacha kumlipa, alirudi nyumbani na ndoo ya mafuta meupe, yale magumu ya waokaji. Mkewe Bijou alikuwa na mtoto mchanga kifuani, Nono, na maziwa yalikuwa yanakauka. Samaki wa Pweto, kule ziwani, hawakufika tena sokoni, na bei ya karanga ilikuwa haishikiki. Basi Bijou akala bukari, ugali wa kwao, kwa mafuta, majani kwa mafuta, na asubuhi mafuta matupu kwenye kijiko. Maziwa yakarudi. Nono akanenepa, majirani wakagombea kumbeba.

Kisa hicho Bijou alikisimulia miaka thelathini, harusini na matangani, kwa yeyote aliyekaa kumsikiliza. Nani angemlaumu? Wenzake walitoka kwenye uporaji na redio, yeye alitoka na mtoto. Kila alipokisimulia, ndoo iliongezeka ukubwa.

Nono alipopatikana na ugonjwa wa sukari, kijana vile, hakuna aliyeikumbuka ndoo. Kisha Nono akajifungua. Bijou alimsindikiza zahanati, na wakati Nono yuko ndani akipimwa, yeye akakaa barazani na kina mama wanaonyonyesha, akimsikiliza muuguzi Madeleine. Mafuta anayokula mama huingia katika maziwa, alisema Madeleine. Kwa wanyama wa maabara imeonekana kuwa mafuta mabaya wakati wa kunyonyesha yanaweza kumharibia mtoto namna mwili unavyotumia sukari ukubwani. Kwa binadamu bado wanachunguza.

"Mukule samaki, karanga, avoka," akamalizia. "Ile mafuta ya kugandaka, mupunguze."

Bijou aliwangoja wenzake waondoke. "Sukari ya mutoto wangu, ni miye nilimupa?"

"Hakuna muntu anaweza kukuambia ndiyo, mama. Wala hapana."

Jibu hilo lilimuuma kuliko lawama. Lawama angeijibu.

Siku iliyofuata alimkuta Nono kitandani, mtoto kwenye titi, na pembeni kopo jipya la mafuta meupe.

"Mama, unipikie sawa vile ulikuwa unakula mwaka ile ya pillage. Nataka anenepe sawa miye."

Bijou alilishika kopo. Maishani alikuwa ameshinda mara moja tu, na ushindi wenyewe ulikuwa huu. Aliona uchungu kuuachia.

"Nono, ile haikukuwa nguvu," alisema. "Ilikuwa njaa. Nilikula mafuta juu hakukuwa kitu ingine. Leo samaki iko, karanga iko. Usikule hii."

Nono alilichukua kopo mkononi mwa mama yake, akalisukuma chini ya kitanda.

"Njaa ya namna gani, mama? Unielezee."

Bijou, aliyeisimulia ndoo ile miaka thelathini, safari hii akaanzia kwenye maziwa yaliyokuwa yanakauka.