Hisa Zilizonunuliwa kwa Bonasi Yetu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyosimama mbele ya benki pale Bomet, kufuli kubwa limening'inia mlangoni, na Bot Chebet, yaani mama yake Chebet, mjane jirani yangu, akiniangalia mimi, si kufuli. Akasema polepole, "Wewe ndiye uliyenileta hapa." Nimepigwa na mvua ya mawe shambani, nimezika ndugu, lakini neno hilo ndilo lililonivunja.

Nirudi nyuma kidogo. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa kijana niliyeishia darasa la nne tu, lakini majirani walinichagua mwenyekiti wa kituo chetu cha kupimia majani chai, upande wa Silibwet. Meneja wa benki alikuwa Rono. Mimi naye tulitahiriwa mwaka mmoja, tukakaa jandoni kibanda kimoja. Kwetu mtu wa namna hiyo humwulizi maswali. Alikuja kwangu majirani wakiwepo, akanywa mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, mpaka akalamba masharubu, akatuambia kwamba kwao pesa hailali: benki inanunua hisa Nairobi, bei inapanda, na sisi tunapata riba nono.

Bot Chebet alikuwa anamtafutia karo binti yake, Chebet. Akauliza, "Na bei ikishuka?"

"Mama, wewe chuma chai," Rono akamwambia, "hesabu tuachie sisi."

Akacheka. Na mimi nikacheka naye. Kicheko hicho bado kinanichoma.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikimsifu, bonasi ya watu wetu, yale malipo ya chai ya mwisho wa mwaka, ikaingia kwake. Halafu bei ikaanguka, benki ikafungwa, na ndipo tukasikia kwamba hisa nyingi zilikuwa za kampuni za wakubwa wa benki wenyewe. Walikuwa wananunuliana karatasi kwa jasho letu, na Rono alijua.

Wengine walinishauri nitorokee Nakuru. Sikutoroka. Niliita watu kituoni nikasema mbele yao, nimekosa. Kisha nikampa Bot Chebet mistari yangu ya chai ya kando ya barabara, achume na kuuza kwa namba yake ya mkulima pale kituoni mpaka msichana amalize shule. Mke wangu alinuna karibu mwaka mzima, halafu siku moja nikamkuta huko, kikapu mgongoni, anamsaidia Bot Chebet kuchuma. Leo Chebet ni nesi hospitali ya Kaplong. Akipita na sare yake, mimi natembea kifua mbele. Rono na gari lake hana kitu kama hicho.

Kwa hivyo, mwanangu, mtu akitaka kupeleka pesa yako soko la hisa, mwulize inanunua nini, cha nani, na ikipotea atalia nani. Akiwa mwenzako wa jando, mwulize mara mbili. Na mama akiuliza swali la maana, usicheke. Mungu akupe maziwa nyumbani na majani mabichi shambani hata mwezi wa kiangazi.

Na wewe Rono, unayekaa kiti cha mbele kanisani, njoo kituoni siku ya kupima majani, usimame pale niliposimama mimi. Bei ilishuka. Mjibu mama.